Waraka kwa Wauguzi na Wakunga wa Mbinga na Nyasa: Tusiwasubiri Wakaguzi

Ndugu zangu wauguzi na wakunga,

Nawaandikia nyote mlioko Hospitali ya Mbinga, Litembo, Liuli, Mbamba Bay na Lituhi, na zaidi ninyi wa zahanati ambako muuguzi ni mmoja tu, naye ndiye mkunga, mtoa dawa, mjazaji wa vitabu vya takwimu vya MTUHA na mshika ufunguo wa stoo. Siandiki kama kiongozi. Sina cheo katika tawi la chama chetu. Nina kadi ya uanachama, leseni iliyo hai na miaka ya kutosha ya kusimama wodini kuweza kusema ninayoyasema.

Nimesukumwa na maneno ninayoyasikia kila panapotajwa ukaguzi wa ubora. Mmoja anauliza watakuja lini. Mwingine anauliza safari hii wanaangalia nini. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenifanya nishike kalamu, anasema: "Hayo ni mambo ya mganga mfawidhi na katibu wa afya. Sisi tutapewa maelekezo."

Hapana. Hadhi ya hospitali, iwe ya nyota, ya cheti au ya ngao iliyotundikwa mapokezi, inapita mikononi mwetu kabla ya kufika ofisini. Anayempokea mgonjwa, anayempima presha, anayempa dawa ya saa sita usiku, anayejua kwamba mzee wa kitanda cha dirishani hajala tangu jana, ni muuguzi. Kwa hiyo hadhi hiyo tuidai, na kazi ya kuitafuta tuianze wenyewe hata kama hakuna mtu aliyetuletea fomu.

Tunavyojiandaa kwa ukaguzi kila mmoja wetu anajua. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi (hakimo katika wilaya hizi mbili, msianze kubahatisha), siku moja kabla ya wageni stoo ilifunguliwa. Yakatoka mashuka mapya yenye mikunjo ya kiwandani, ndoo za maji tiririka, sabuni ya maji, na mapipa ya taka ya rangi tatu ambayo sikujua kama tunayo. Mama aliyejifungua usiku uliotangulia aliamshwa ili kitanda chake kitandikwe. Akauliza, "Sista, kwani anakuja Rais?" Wageni wakaja, wakakagua, wakaandika, wakaondoka saa tisa. Kufika saa kumi na moja mashuka yalikuwa yameshahesabiwa na kurudi stoo, na yule mama amelala tena juu ya kitenge chake. Alama tulizopata zilikuwa nzuri.

Sisemi ukaguzi hauna maana. Serikali ilipoanza kuvipa nyota vituo vya ngazi ya msingi mwaka 2015/16, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, vilikaguliwa karibu vituo 7,000 nchi nzima, kuanzia zahanati hadi hospitali za wilaya, vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi. Ngazi zilianzia nyota sifuri hadi nyota tano. Karibu theluthi moja vilipata sifuri. Ilikuwa aibu ya taifa, lakini aibu yenye faida, maana kwa mara ya kwanza kila kituo kilijiona kilivyo na kikapewa mpango wa kujirekebisha. Lengo lilikuwa asilimia 80 ya vituo vifike nyota tatu ifikapo 2018. Ukaguzi wa pili wa 2017/18 ulionyesha kwamba vituo vya sifuri vimepungua sana, ila lengo lenyewe lilikuwa bado mbali.

Isome ile fomu ya nyota kwa jicho la kiuuguzi. Kinga dhidi ya maambukizi, dawa za dharura, utunzaji wa kumbukumbu, rufaa, namna mteja anavyosikilizwa: ni kazi yetu mwanzo hadi mwisho. Matokeo yakitoka kinapongezwa kituo. Yakiwa mabaya tunaitwa sisi kikaoni. Mimi silalamikii kuitwa. Nalalamika kwamba tunakwenda kikaoni mikono mitupu, hatuna takwimu zetu, hatuna hoja yetu, tunasubiri kusomewa.

Wenzetu Marekani walilianza jambo hili la hadhi upande mwingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hospitali zao zilikuwa zinaishiwa wauguzi. Watu walikuwa wanaacha kazi. Jumuiya ya wanazuoni wa uuguzi, American Academy of Nursing, ikaamua kutafuta zile hospitali ambazo wauguzi hawaondoki hata kama jirani zao zinahangaika. Zikachaguliwa 41, zikapewa jina la hospitali za sumaku, na taarifa yake ikatoka mwaka 1983. Yaliyoonekana humo hayakuhusu majengo wala mashine. Muuguzi mkuu alikuwa na kiti kwenye meza ya maamuzi. Wauguzi walikuwa na kauli juu ya kazi yao wenyewe. Mgeni wa kazi alishikwa mkono na mwenyeji hadi akomae. Daktari na muuguzi walizungumza kama watu wanaomtibu mgonjwa mmoja.

Kutokana na uchunguzi huo ukazaliwa mpango wa kutoa hadhi rasmi ya Magnet, yaani sumaku, na hospitali ya kwanza kuipata ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle, mwaka 1994. Mwaka huohuo Profesa Linda Aiken na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha hospitali 39 kati ya zile za sumaku na nyingine 195 zinazofanana nazo. Kwenye hospitali za sumaku vifo vya wagonjwa wazee vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 5. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema kwamba kumheshimu muuguzi ni suala la ukarimu tu. Nje ya Marekani hospitali ya kwanza kupewa hadhi hiyo ilikuwa Rochdale Infirmary ya Uingereza, mwaka 2002.

Simwambii mtu kwamba Litembo au Liuli ipeleke maombi Marekani. Ada peke yake ingetumaliza, na hadhi yenyewe inapaswa kuombwa upya kila baada ya miaka minne. Hata ithibati ya kimataifa ambayo Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi iliipata mwaka 2013 ina gharama za watu wenye mapato mengine. Ninachokiokota kwa Wamarekani ni swali lao, maana swali halina ada: katika wilaya zetu mbili, ni hospitali ipi ambayo muuguzi akishapangiwa haombi kuhama?

Hebu tulijibu bila kujidanganya. Tuseme muuguzi kijana, ndiyo kwanza amemaliza stashahada, amepangiwa kituo cha mwambao wa Ziwa Nyasa, kusini kabisa huko Chiwindi jirani na mpaka wa Msumbiji. Anashuka na begi, godoro na ndoo. Nyumba ya mtumishi ina popo darini. Mwenyeji wake yuko safarini Songea kwenye semina. Usiku wa kwanza anazalisha peke yake kwa tochi ya simu, na mama anavuja damu, na yeye hana namba ya mtu wa kumwuliza. Kabla mwaka haujaisha barua ya uhamisho imeshafika halmashauri, na sababu iliyoandikwa ni ugonjwa wa mama yake mzazi. Mama huyo hajambo kabisa. Aliyeumwa ni kijana wetu, na aliumwa usiku ule wa kwanza.

Nyumba si sisi tunaojenga. Mishahara na posho ni mapambano ya chama cha wafanyakazi TUGHE na mwajiri, nacho kisilegee. Lakini kumpokea mgeni ni letu, na halihitaji fungu la bajeti. Mkunga mzoefu wa Liuli anaweza kuwa na orodha ya wakunga wapya wote wa mwambao, akampigia kila mmoja kabla ya zamu yake ya kwanza ya usiku na kumwambia: ukikwama nipigie, hata saa nane. Matroni wa Mbinga anaweza kuhakikisha kwamba hakuna mgeni anayepangwa usiku peke yake mwezi wake wa kwanza, hata ikibidi ratiba iumie kidogo. Litembo wanaweza kumwita muuguzi wa zahanati ya mlimani akae nao wodini juma moja. Najua baadhi yenu mnafanya hivyo kwa moyo wenu. Nataka iwe desturi ya tawi, ili isitegemee kama matroni aliyepo ana moyo.

Na tusijione wanyonge kwa kuwa tuko pembezoni. Mwambao huu ulijua kuuguza zamani. Chauncy Maples, meli ya misheni ya UMCA, iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kuanza safari ziwani mwaka 1901, ikiwa kanisa, shule na zahanati kwa pamoja. Hospitali ya Mtakatifu Anna pale Liuli ni tunda la misheni hiyo. Huku milimani walikuwa Wabenediktini, na kazi waliyoianza Litembo leo iko chini ya Jimbo Katoliki la Mbinga. Hospitali hizo zilipata sifa kabla mtu hajawaza nyota. Sifa yao ilienezwa na wagonjwa waliorudi kijijini wakasimulia walivyohudumiwa, na mpaka leo hiyo ndiyo sifa inayomfanya mama wa Langiro au Maguu apande bodaboda kwenye utelezi wa masika na kupita vituo vingine njiani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote niliyoyataja: mazoezi yanayofanywa palepale wodini.

Haydom ni hospitali ya Kilutheri iliyoko Mbulu, mkoani Manyara, hospitali ya kijijini kama zetu. Mwaka 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Ni yale mafunzo ya Dakika ya Dhahabu ambayo wengi wetu tumeyapitia. Miezi kadhaa baadaye watafiti wakawapima. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri kuliko kabla ya semina. Wodini, mbele ya mtoto wa kweli, hali ilikuwa ileile. Semina ilifaulu, wodi haikubadilika.

Wangeweza kuishia hapo na kuweka vyeti ukutani. Walichofanya ni kuleta mazoezi palepale leba: mafupi, ya mara kwa mara, mwanasesere mezani, yakifanywa na watu wa zamu wenyewe katikati ya kazi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wahudumu walikuwa walewale, na jengo lilelile.

Utaratibu huo ukapanuliwa, ukaongezewa vifaa na ufuatiliaji wa takwimu, ukapelekwa kwenye vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake, yaliyohusu akina mama na watoto wao wapatao 300,000, yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa karibu asilimia 75. Moyo wa mpango huo ulikuwa wakunga wa vituo hivyo, walioongoza mazoezi ya wenzao juma kwa juma. Mkoa wetu wa Ruvuma haukuwa kwenye orodha ya mikoa hiyo mitano. Hakuna aliyetukataza kuanza.

Mtasema hatuna wanasesere wa kisasa. Hospitali ikiwa nao kabatini, watolewe. Isipokuwa nao, anzeni na ambu, kile kifuko cha kumpulizia mtoto hewa, peke yake. Leo hii, ukiwa zamu, nenda meza ya kumpokelea mtoto. Je, ambu ipo? Barakoa yake ya mtoto mdogo ipo, au iliyobaki ni ya mkubwa? Ukiminya, hewa inatoka mdomoni au inavujia ubavuni? Au imefungiwa kabatini na ufunguo ameondoka nao mtu wa zamu ya mchana? Hilo ni zoezi la dakika mbili. Likifanywa kila zamu inapoanza, mtoto hatasubiri mtu akatafute ufunguo.

Jingine ni patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama. Hapa nitasema wazi, na atakayekasirika anisamehe. Kuna patografu zinazojazwa mtoto akiwa ameshalia. Ukiifungua moja ya namna hiyo unaitambua bila darubini: mapigo ya moyo wa mtoto 140, 140, 140, mstari mzima, njia inafunguka sentimita moja kila saa kama imepimwa kwa rula, wino mmoja, mwandiko mmoja, haina hata alama moja iliyokosewa. Uchungu wa kweli hauendi hivyo. Patografu ya kweli ina mwandiko wa watu wawili kwa sababu zamu ilibadilika, ina pengo la saa nzima kwa sababu mkunga alikuwa na mama mwingine, ina mapigo yaliyoshuka yakapanda, na pembeni pameandikwa saa ngapi daktari aliitwa na saa ngapi alifika.

Hiyo ya pili, pamoja na pengo lake, ina thamani kuliko ile safi. Pengo linaweza kuonyeshwa kikaoni: hapa mkunga mmoja alikuwa na akina mama wanne, tazameni wenyewe. Hapo ndipo hoja ya upungufu wa watumishi inapata meno. Ile safi inamwambia mwajiri kwamba mkunga mmoja aliwamudu akina mama wanne bila shida yoyote. Kwa kalamu yetu tumejinyima msaidizi. Na tukumbuke kwamba chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 anayetiwa kwenye daftari la Baraza ni mtu kwa jina lake, na leseni ni ya mtu. Patografu ya uongo haitiwi sahihi na hospitali.

Babu na bibi zetu wa Umatengo walilima ngoro, kilimo cha mashimo, kwenye miteremko ambako mvua moja tu ingeweza kuusomba udongo wote hadi bondeni. Mashimo yale yaliushika udongo kwa sababu yalichimbwa kila mzunguko wa kilimo, nyasi zikapangwa na kufukiwa hata mwaka ambao bwana shamba hakukanyaga huko. Ubora wa wodi hauna njia nyingine.

Kupokezana zamu nako kunahitaji maneno machache. Tumezoea kupeana ripoti ofisini, daftari mezani, tukiwa tumeshavaa mabegi: "Wodi ina wagonjwa kumi na wanane, wote wanaendelea vizuri." Kisha mmoja wa hao wanaoendelea vizuri anakutwa hana mkojo tangu asubuhi. Ripoti itolewe kitandani, zamu mbili zikiwa zimesimama pamoja, mgonjwa akisikia na akiruhusiwa kusahihisha. Inachukua muda kidogo zaidi. Dripu iliyokwisha inaonekana, mfuko wa mkojo unaonekana, na mgonjwa anajua jina la anayemhudumia zamu hiyo. Wagonjwa wetu wengi hawajui majina yetu. Wanaita "sista" au "nesi" gizani na kusubiri yupi ataitika.

Juu ya vifo, nasema kwa uangalifu. Akifariki mama au mtoto, kikao cha kujadili kifo huitishwa, na mara nyingi muuguzi huingia akiwa ameshajiona mshtakiwa. Anajibu kwa kifupi, anaficha saa, na somo linapotea. Kwenye vikao hivyo viongozi wetu wasimame na mambo mawili: mkunga aliyekuwa zamu alindwe dhidi ya kudhalilishwa, na saa halisi za matukio zitajwe zote, hata zile zinazotuuma. Kumlinda mtu na kuficha saa ni vitu viwili tofauti. Na rufaa iliyotoka zahanati irudishiwe majibu. Muuguzi aliyemsindikiza mama kutoka Lituhi usiku kucha anastahili kujua yule mama aliishia wapi. Hata ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Najua jibu lenu: tuko wachache. Ni kweli, na asiyekubali aje alale zamu moja Mbamba Bay. Lakini tazameni ni mangapi kati ya haya yanahitaji mtu wa ziada. Ambu ya dakika mbili haihitaji. Simu kwa mgeni wa kazi haihitaji. Patografu ya kweli ndiyo kwanza itatuletea huyo mtu wa ziada. Uchache wetu ni sababu ya kuacha mambo ya maonyesho, kwa kuwa maonyesho ndiyo yanayokula muda: kupanga mafaili upya kwa ajili ya wageni, kunakili rejista iliyochafuka, kupaka rangi mawe ya bustani. Utaratibu wa 5S, ulioanza nchini mwaka 2007 pale Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, tunaujua sote kwa sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Vituo vingi vimeishia safisha. Shikilia, ambalo ndilo la mwisho na ndilo gumu, linahitaji watu ambao hawajachoshwa na maonyesho.

Zipo pia tuzo za mtu mmoja mmoja, nami sizibezi. Mwaka 2022 muuguzi wa Kenya, Anna Qabale Duba wa Marsabit, alitunukiwa Dubai tuzo ya kimataifa ya Aster yenye dola 250,000, naye anatoka eneo kame la pembezoni ambalo wengi wa Nairobi hawajawahi kufika. Ilitupa fahari sote. Kwetu kuna mfanyakazi hodari wa Mei Mosi, na anayestahili apewe. Ninachoomba ni kwamba tusidhani wodi imepata hadhi kwa sababu mmoja wetu amepata bahasha. Mwenzake wa zamu iliyofuata anabaki palepale.

Ifikapo Mei 12 tutawasha mishumaa, tutarudia kiapo, tutamtaja Florence Nightingale na taa yake. Ni vizuri. Wachache hutaja kwamba mama huyo alikuwa mtu wa hesabu: alirudi kutoka vita vya Krimea na vitabu vya idadi ya vifo, mwaka 1858 akachapisha michoro iliyoonyesha kwamba askari wengi waliuawa na magonjwa yaliyozuilika kuliko risasi, na akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika chama cha wanatakwimu cha London. Serikali ya Uingereza ilimsikiliza kwa sababu ya hizo hesabu. Mwaka huu kwenye maadhimisho yetu napendekeza kila hospitali isome hadharani, mbele ya mkuu wa wilaya, namba zake tatu: akina mama waliojifungua, watoto waliozaliwa bila kupumua wakasaidiwa wakapumua, na wauguzi walioomba kuhama. Zote zinapatikana. Mbili za kwanza zimo kwenye MTUHA namba 12. Ya tatu imo kwenye faili la afisa utumishi.

Nchi nzima tumetoka mbali. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Wanaopongezwa kwa hilo ni wengi: viongozi, wafadhili, waliojenga vituo, madereva wa usafiri wa dharura wa m-mama wanaoitwa kwa namba 115. Wote wanastahili. Mkunga aliyekuwa leba saa tisa usiku ametajwa kwa sentensi moja, tena ya mwisho. Tusisubiri wengine watuongezee sentensi. Tuwe na takwimu zetu mkononi.

Ombi langu kwa kikao kijacho cha tawi ni hili. Kila wodi ya wazazi ilete patografu kumi za mwezi uliotangulia, majina ya akina mama yakiwa yamefunikwa. Zahanati iliyozalisha mmoja tu ilete hiyo moja. Tutaziweka mezani na kuzipitia sisi kwa sisi, bila mganga mfawidhi, bila mkaguzi, bila adhabu. Atakayekuja na zenye mapengo asione haya. Na tafadhalini, chukueni zile kumi za juu kwenye faili kama zilivyo, msizichague.

Mwanachama mwenzenu,
Mbinga